Mtunzaji Anapoachia Ngazi

Watunzi wa programu huria wana kanuni ya zamani isiyomo katika leseni yoyote: ukichoka, mkabidhi kazi mtu anayeiweza. Eric Raymond aliihesabu kuwa wajibu wa mwisho wa mtunzi katika insha yake ya mwaka 1997, The Cathedral and the Bazaar. Kanuni hiyo iliyafaa mazingira yaliyoizaa. Kwa viendelezi vidogo, kama vile vinavyotia rangi msimbo ndani ya kihariri, naona imepitwa na wakati. Mtunzaji aliyechoka, asiye na mrithi anayemfahamu, anatenda haki zaidi akitangaza kwamba ameacha na kufunga mradi.

Tuanze na Vim, kihariri cha Bram Moolenaar, Mholanzi aliyewaomba watumiaji wake wachangie watoto wa Kibaale, Uganda. Vim ilianza kutia rangi msimbo katika toleo la 5.0, mwaka 1998. Kila lugha ilikuwa na faili lake la kanuni, la kueleza maneno yapi ni amri, maandishi ya nukuu yanaishia wapi na mstari upi ni maelezo tu. Juu ya faili paliandikwa jina la mtunzaji na tarehe ya badiliko la mwisho. Mtunzaji akichoka, jina la mwingine lilichukua nafasi yake, na mambo yakaendelea. Tusidhani watu wa enzi zile walikuwa waadilifu kutuzidi. Mafaili hayo yalipita mkononi mwa Moolenaar ndipo yakaingia katika Vim, kisha yakamfikia mtumiaji ndani ya toleo alilolisakinisha mwenyewe. Mrithi alipata kazi tu. Hakupata njia ya moja kwa moja ya kuingia katika kompyuta za watu.

Njia hiyo ilifunguliwa na masoko ya viendelezi. Visual Studio Code, kihariri kilichozinduliwa na Microsoft mwaka 2015, husasisha viendelezi yenyewe mtumiaji asipozuia. Kiendelezi cha rangi huenda kikawa orodha ya kanuni tupu, lakini anayeshika jina lake anaweza kupachika msimbo wa kutekelezwa katika toleo lijalo, nalo likasambaa kabla hajashtuka mtu. Si hofu ya kubuni. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, maktaba maarufu ya JavaScript, alimwachia mgeni aliyejitolea kusaidia. Mgeni akaingiza msimbo wa kuiba bitcoin kutoka kwenye pochi za Copay. Mtunzaji alikuwa ametimiza kanuni ya Raymond, ila uwezo wa mrithi aliupima bila kuijua nia yake.

Watasema kwamba lugha za programu hazitulii, na kiendelezi kilichofungwa kitaanza kukosea rangi punde. Ni kweli, lakini kufunga mradi hakuufuti: kazi yake yaweza kuendelezwa kwingine. Mfumo wa kanuni wa TextMate, kihariri cha Mac kilichotoka mwaka 2004, ulichukuliwa na Sublime Text, Atom na Visual Studio Code. GitHub ilipotangaza Juni 2022 kwamba inaiacha Atom, na kuifunga Desemba mwaka huohuo, wapenzi wake waliunda tawi, yaani nakala inayojitegemea, liitwalo Pulsar. Tree-sitter, teknolojia ya kuchambua msimbo iliyokuzwa humo GitHub, ilikuwa imeshavuka kwenda kihariri cha Neovim, na mwaka 2023 ikaingia Emacs 29.

Pingamizi zito zaidi ni la mtumiaji asiyesoma matangazo, atakayebaki na kiendelezi mfu miaka mingi. Hapo nakubali kwamba tangazo ndani ya hazina ya msimbo halitoshi, na kwamba kuondoka kimyakimya ni kosa hata kama leseni inaruhusu. Soko lenyewe lionyeshe alama ya kufungwa. Lakini kumsumbua mtumiaji kidogo kuna faida: tawi jipya huja na jina jipya, kwa hiyo halimfikii mpaka alitafute, aone linatunzwa na nani, ndipo aamue kulisakinisha.