Istanbul: Msikiti wa Mama Wawili

Mabiharusi wengi wanatuuliza fungate waende wapi, na Istanbul haikosi kutajwa. Wakifika hukimbilia Aya Sofia na Msikiti wa Buluu, wakapiga picha, basi. Sisi tunasema: teremkeni mpaka Eminönü, pwani.

Hapo upo Yeni Cami, yaani Msikiti Mpya. Aliyeuanza mwaka 1597 ni Safiye Sultan, mama yake Sultani Mehmed III. Mwanawe alipofariki mwaka 1603, nguvu zikamtoka na ujenzi ukasimama. Jengo likabaki gofu zaidi ya nusu karne. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1660, Turhan Sultan, mama yake Mehmed IV, akauendeleza, na mwaka 1665 ukafunguliwa. Pembeni likajengwa soko la viungo, liwe wakfu: kodi ya maduka iutunze msikiti. Soko hilo lipo hadi leo.

Safiye alifariki bila ya kuuona umekwisha. Basi bibiharusi, ukisali humo waombee wote wawili, aliyeanza na aliyemaliza. Na lako la kheri likikwama, usilikatie tamaa.