Ndizi ya Yangambi, nani anailinda?

Ndugu wasomi, wangapi kati yetu tunajua kama kuna ndizi yenye kuitwa Yangambi Km5? Brazil wanaiita Caipira. Inapendwa sababu Sigatoka nyeusi, ule ugonjwa wa kukausha majani ya migomba, haiiwezi kirahisi.

Jina ni la kwetu. Yangambi iko kando ya mto Congo, kama kilometa 100 kutoka Kisangani. Wabelgiji walianzisha INEAC mwaka 1933, na pale ndipo wakakusanya miti ya kila aina. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walichapa matokeo yao: ngazi ya ganda nene ikizalishwa na ile isiyo na ganda, inatoka tenera, yenye mafuta mengi. Ugunduzi ule ulitoka kwa miti iliyosimama shambani miaka na miaka. (Na waliopalilia ni wazee wetu, tusisahau.)

Mahindi unaweza kuweka mbegu yake kwenye baridi. Ndizi ya kula haina mbegu! Mgomba ukikufa bila mtu kuchukua chipukizi, basi, imekwisha. Ndiyo maana kule Leuven, Ubelgiji, wanatunza migomba midogo ndani ya chupa za maabara, aina zaidi ya 1,500, na yetu imo.

Lakini ndani ya chupa hakuna ugonjwa wala upepo. Nguvu ya mgomba inaonekana shambani. INERA ndiyo ilirithi Yangambi. Wenzangu wa agronomia, nani amekwisha kufika pale?