Maigoya na Nyuki wa Nyeri

Historia, ewe msomaji, si habari za vita na wafalme peke yake. Wigo uliozunguka shamba, mti uliosimama mpakani na mzinga ulioning'inia juu yake navyo vina historia yao, na pengine historia hiyo hugusa chakula chetu kuliko nyingine. Katika insha hii natuutazame mmea mmoja wa nchi ya Nyeri na ya miji inayouzunguka Mlima Kenya. Wakikuyu huuita maigoya. Wengi huuona kila siku, lakini ni wachache wanaojua thamani yake.

Maigoya ni kichaka laini kiishicho miaka mingi, nacho ni cha jamii moja na mrehani. Majani yake ni mapana, yenye vinyweleo laini, na maua yake ya rangi ya samawati hujipanga juu ya kikonyo kirefu. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Plectranthus barbatus, nao huota Afrika ya Mashariki hata Bara Hindi. Tangu zamani wenyeji waliutumia kwa kazi nyingi. Walifunika ndizi kwa majani yake ili ziive, wakayatumia majani hayo hayo chooni, na vipande vya shina wakavipanda kuwa wigo. Kazi moja, hata hivyo, mmea huu uliifanya bila kutumwa na mtu: uliwalisha nyuki.

Nyuki walikuwa mali katika nchi hii. Mzinga wa Wakikuyu, uitwao mwatu, ulikuwa kipande cha gogo kilichochimbwa ndani na kutundikwa mtini. Asali yake haikuwa kitu cha kulambwa tu. Iliingia katika mahari, tena ndiyo iliyotengenezewa muratina, pombe ya wazee iliyochachushwa kwa tunda la mwegea. Nyuki wenyewe hawakununuliwa chakula wala hawakupandiwa bustani. Walilishwa na msitu, na vichaka vilivyoota katika mashamba yaliyopumzishwa, na mimea ya mipakani. Huko juu zaidi, katika misitu ya mlima, waliishi nyuki wa namna ya pekee, weusi na wapole kuliko ndugu zao wa tambarare. Hao ndio nyuki wa milimani, ambao mtaalamu F. G. Smith, aliyefanya kazi Tanganyika, aliwapa jina lao la kitaalamu mwaka 1961.

Kisha nchi ilibadilika kwa haraka. Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, iliyodumu mpaka Januari 1960. Watu wa Nyeri na wa wilaya jirani waliondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika, wakakusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa. Mwaka 1954 ulitolewa Mpango wa Swynnerton. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, na kila mwenye haki akapimiwa shamba moja. Wako waliofaidika, na wako waliopunjwa, hasa waliokuwa kizuizini na hawakuwapo kujitetea. Wenye mashamba waliagizwa wapande wigo mipakani, upate kuonekana katika picha zilizopigwa kutoka katika ndege. Basi wigo ukawa shahidi wa mpaka. Mmea ushikao upesi kwa kipande tu, kama maigoya, unafaa sana kwa kazi ya namna hiyo.

Mpango huo huo uliwafungulia wakulima Waafrika wengi mlango wa kulima kahawa, zao ambalo kwa miaka mingi walikuwa wamezuiliwa. Kahawa ikapanda juu ya vilima vya Nyeri, na chai ikaenea kwenye miinuko yenye baridi. Fedha ziliingia, watoto wakalipiwa karo. Lakini kila kichaka kilichofyekwa kilikuwa malisho ya nyuki. Kweli, mkahawa hutoa maua mengi meupe yenye harufu nzuri, ila huchanua kwa siku chache tu baada ya mvua, kisha hunyauka. Je, nyuki ale nini siku zinazosalia? Mahali pengi jibu lilibaki katika wigo.

Wala usidhani kwamba nyuki ndiye peke yake mwenye kuhitaji. Mwaka 2002 mtaalamu David Roubik alieleza uchunguzi wake uliofanywa Panama: mikahawa iliyotembelewa na nyuki ilizaa zaidi kwa nusu nzima na ziada. Na nyuki wenyewe walikuwa wa asili ya Afrika, uzao wa wale waliopelekwa Brazil mwaka 1956. Tazama basi ajabu hii: kahawa ya Afrika na nyuki wa Afrika walikutana ng'ambo ya bahari, wakamtajirisha mkulima wa huko. Sisi tulio nao wote wawili nyumbani twapaswa kuwatunza.

Kila nchi ina ua lake la kulisha nyuki. Marekani ya Kaskazini wanalo solidago, ua la manjano liishilo miaka mingi na kuwapa nyuki chakula kabla ya majira ya baridi. Watu wengi wa huko walilichukia, wakidhani chavua yake huwatia chafya. Kumbe chavua hiyo ni nzito, hubebwa na wadudu, na mkosaji ni gugu jingine lichanualo wakati ule ule. Ua hilo hilo lilipopelekwa Ulaya na China kupamba bustani, lilitoroka likawa gugu baya. Mafundisho yake ni mawili: usiuhukumu mmea kabla ya kuuchunguza, wala usitafute mbali kilichoko mlangoni pako.

Siku hizi, kadiri viwanja vinavyogawanywa Nyeri, Karatina na Nanyuki, wengi hung'oa wigo wa kale na kuweka seng'enge au ukuta wa mawe. Seng'enge huzuia ng'ombe, lakini haina ua hata moja. Ukitaka kuitengeneza hasara hiyo, kazi si kubwa. Mvua ndefu zinapoanza mwezi wa Machi, au mvua fupi mwezi wa Oktoba, kata vipande vya maigoya vyenye urefu wa shibiri mbili, uvichomeke katika udongo uliolainishwa. Usiupogoe wigo unapotoa vikonyo vya maua. Ngoja mpaka uishe kuchanua, maana maua hufunguka machache machache, na kila siku iko karamu. Wala usipulizie dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 kwa miche michache, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hakungoja mpaka serikali ianze. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Lakini nyuki naye hufuata ua, na palipong'olewa ua, atakayemfuata nyuki atarudi na kibuyu kitupu.