Kuta nyeusi za Ameralik

Vic McGregor, mtu wa Nyuzilandi, alifika Greenland katikati ya miaka ya 1960 kuchora ramani ya miamba kuzunguka mji wa Godthåb, ambao leo tunauita Nuuk. Huko mwamba ni wa kijivu, kilomita baada ya kilomita, umekunjwakunjwa kama chapati. Ukiutazama haraka utasema ni kitu kimoja. Lakini yeye alikuwa anatembea, na mwenye kutembea huona.

Aliona sehemu nyingine za kijivu hicho zimekatwa na kuta nyembamba za jiwe jeusi, na nyingine hazina hata ukuta mmoja. Jiwe hilo jeusi ni la basalti: lilipanda likiwa la moto na majimaji kutoka chini kabisa, likaingia kwenye nyufa, likagandia humo. Sasa fikiria. Huwezi kutia nyufa mwamba ambao bado haupo. Basi kijivu chenye kuta kilitangulia, kisicho nazo kikafuata. Cha kwanza akakiita Amîtsoq, cha pili Nûk, na kuta akazipa jina la ghuba ya Ameralik.

Hoja yenyewe haikuwa mpya. John Sutton na Janet Watson, mtu na mkewe, waliitumia Scotland mwaka 1951. Ila McGregor hakuwa na umri wowote mkononi, na kijivu kikongwe kilihitaji shahidi. Sampuli zikaenda Oxford kwa Stephen Moorbath, aliyezaliwa Ujerumani na kuletwa Uingereza akiwa mtoto mwaka 1939. Huko wakapima rubidi, ambayo hugeuka stronti polepole mno, na madini ya risasi pia. Matokeo yakachapishwa 1971: zaidi ya miaka bilioni 3.6. Wakati huo hakukuwa na mwamba mkongwe zaidi uliojulikana duniani.

Kemia ya kuta zenyewe ni ya kuvizia. Joto la baadaye liliipika basalti upya, na potasiamu na rubidi huhamahama kama wapangaji wa Nairobi. Wanaotulia ni titani na zirikoni, kwa hivyo hao ndio huulizwa maswali. Mimi lakini navutiwa zaidi na jambo la wazi: ili ufa upite namna ile, bara hilo changa lilishakuwa gumu. Baadaye likalainika tena, na kuta nyingi zikavutwa mpaka zikakatika vipande. McGregor ilibidi avitambue vipande hivyo, kimoja kimoja, kwa macho tu.