Upepo, Huzuni na Pakiti Sita za Mitishamba: Historia ya Dawa Tunayoambiwa ni ya Miaka Elfu Tano

Mwaka jana baba yangu mdogo alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, ulimi ukawa mzito. Hospitalini walimwokoa, na baada ya miezi mitatu akawa anatembea kwa mkongojo. Ulimi nao ulirudi, lakini yeye hakurudi kusema. Alikataa wageni, akasusa chakula, akaacha hata redio aliyoipenda tangu ujana wake. Baadhi ya ndugu walisema amekuwa mkaidi. Wengine walisema amekumbwa na upepo mbaya. Hakuna aliyesema kwamba bado ni mgonjwa.

Siku moja mama mdogo alinipigia simu. Alikuwa ametoka mjini na pakiti sita za mitishamba ya Kichina. "Mwanangu, wameniambia ni dawa ya miaka elfu tano. Inafungua mishipa na kuondoa huzuni ya waliopooza. Ila zile za presha wamesema aziache kwanza, zisigongane."

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha historia, na kwa kuwa ile "miaka elfu tano" ni dai la historia, niliona ninao wajibu wa kulichunguza. Niliyoyakuta nayaandika hapa, kwa sababu pakiti kama zile zimo katika nyumba nyingi.

Tuanze na upepo. Kichina huita kiharusi zhongfeng, maana yake kupigwa na upepo. Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu, kwani nasi tunao msemo wa namna hiyo. Maandishi ya kale ya utabibu wa China, yaliyokusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita, yaliuona upepo kuwa chanzo cha maradhi mengi. Miaka elfu tano inayotajwa madukani hutoka katika hekaya za wafalme wa kale wanaosemekana kuonja mimea na kuanzisha tiba. Hakuna kitabu cha dawa cha umri huo. Tena matabibu wa China wenyewe hawakukubaliana kuhusu upepo. Kati ya karne ya 12 na ya 14, Liu Wansu aliulaumu moto wa ndani ya mwili, Li Gao akalaumu upungufu wa nguvu iitwayo qi, na Zhu Danxi akataja unyevu na makohozi. Walioyasema haya walikuwa mabingwa wa fani hiyo hiyo, na kila mmoja alisahihisha waliomtangulia.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Wang Qingren, aliyeishi kati ya 1768 na 1831. Mwaka 1797, wakati wa mlipuko wa ugonjwa uliowaua watoto wengi huko Luanzhou, alikwenda kwenye makaburi ya kina kifupi ambako mbwa walikuwa wamefukua maiti, akavitazama viungo vya ndani na kuvilinganisha na michoro ya vitabu. Aliona michoro ina makosa. Mwaka 1830 alichapisha kitabu ambacho jina lake lenyewe linatangaza kusahihisha makosa ya matabibu. Humo alikataa kwamba nusu ya mwili hupooza kwa sababu ya upepo. Alisema qi imepungua nusu na damu haisukumwi. Akatoa mchanganyiko wenye kiasi kikubwa cha mzizi uitwao huangqi pamoja na mimea mingine michache, na minyoo ya ardhini iliyokaushwa. Mchanganyiko huo, Buyang Huanwu Tang, ndio unaotajwa mno leo China katika kuwatibu waliopata kiharusi. Kwa hiyo dawa inayosifiwa kwa ukale wake ina umri wa chini ya miaka mia mbili, na mwenye kuitunga ni mtu aliyethubutu kuwaambia wahenga kwamba wamekosea.

Sasa huzuni. Utabibu wa China una neno yu, lenye maana ya kuziba au kukwama. Zhu Danxi, aliyefariki mwaka 1358, alieleza aina sita za kukwama: kwa qi, unyevu, joto, makohozi, damu na chakula. Hisia zilikuwamo, lakini hazikutengwa na tumbo wala kifua. Mchanganyiko maarufu zaidi unaouzwa leo kwa ajili ya huzuni ni Xiaoyao San, unga wa kutembea huru bila wasiwasi. Huu ulitoka katika kitabu cha dawa cha serikali ya nasaba ya Song, iliyofungua duka lake la dawa katika mji mkuu Kaifeng mwaka 1076. Watumishi wa umma wanaosoma hapa watafurahi kusikia kwamba bohari ya dawa ya serikali si jambo la jana. Hata hivyo, katika kitabu kile dawa hiyo iliandikwa hasa kwa wanawake wenye uchovu, homa za ndani na matatizo ya hedhi. Mzee aliyepooza akanyamaza hakutajwa.

Basi kuna mikondo miwili, wa upepo na wa kukwama, iliyokwenda mbalimbali kwa karne nyingi. Ilikutanishwa na siasa na sayansi za karne ya 20.

Mwaka 1929, chini ya serikali ya Nanjing, daktari Yu Yunxiu aliyesomea Japani alipendekeza tiba ya kienyeji ifutwe hatua kwa hatua, na mkutano wa afya wa serikali ukakubali. Tarehe 17 Machi wajumbe zaidi ya 200 kutoka majimbo mbalimbali walikusanyika Shanghai kupinga, na pendekezo likawekwa kando. Baada ya 1949 Chama cha Kikomunisti kilikuwa na nchi kubwa, maskini, yenye madaktari wachache mno wa kisasa. Matabibu wa kienyeji walikuwapo kila kijiji. Mwaka 1955 kikafunguliwa chuo cha utafiti wa tiba hiyo Beijing, mwaka uliofuata vyuo vinne vya kufundishia, na mwaka 1958 Mao akaisifu tiba hiyo kuwa hazina ya taifa. Mafundisho yaliyokuwa yakirithishwa kutoka kwa baba hadi mwana, yenye mabishano ya kila aina, yalipangwa upya katika vitabu vya kiada. Ndipo ilipozaliwa ile tunayoiita leo "tiba ya jadi ya China", kitu kimoja chenye mfumo mmoja. Sisemi kwamba ni uongo. Nasema ni kazi ya watu wenye haja za wakati wao.

Ajabu ni kwamba dola hiyo iliyoinua mitishamba ilifunga mdomo wa huzuni. Katika Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, kusema umekata tamaa kungeweza kuchukuliwa kuwa kosa la kisiasa: vipi mtu akose furaha katika jamii mpya? Watu walikwenda hospitali wakilalamikia kichwa, usingizi na uchovu, na wakaandikiwa "udhaifu wa neva", jina lililoenezwa na daktari Mmarekani George Beard katika karne ya 19. Mwaka 1980 Arthur Kleinman, tabibu wa akili na mwanaanthropolojia kutoka Marekani, aliwachunguza wagonjwa 100 wa aina hiyo mkoani Hunan. Kwa vigezo alivyotumia, 87 kati yao walikuwa na sonona. Walikuwa wamelibeba pigo la miaka ile katika miili yao, kwa kuwa mwili ulikuwa mahali pekee palipoachwa wazi kwa malalamiko.

Katika miaka hiyo hiyo watafiti wa Marekani, akiwamo Robert Robinson, walianza kuonyesha kwamba huzuni ya aliyepata kiharusi si ukaidi, ni ugonjwa unaostahili jina lake. Leo inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu wanaonusurika hupatwa na sonona. Dhana hiyo ilipofika China, matabibu waliunganisha fomula za upepo na zile za kukwama, na hivyo ikapatikana tiba ya mitishamba ya sonona baada ya kiharusi. Umri wake ni wa makamo ya mtu mmoja.

Je, inaponya? Majaribio mengi yamefanyika China, na mengi hutangaza mafanikio. Lakini wanaoyapitia, wakiwamo Wachina wenyewe, wamerudia kusema kwamba mengi ni madogo, hayana kundi la kulinganisha linalopewa dawa bandia, na mgonjwa na tabibu wote hujua nani amepewa nini. Jibu la haki ni kwamba baadhi ya michanganyiko hiyo huenda inasaidia, ila bado haijathibitishwa kwa kiwango ambacho tungekidai kwa dawa yoyote.

Nasema "yoyote" kwa makusudi. Dawa ya hospitali iitwayo fluoxetine ilitarajiwa kuwarudishia wagonjwa wa kiharusi nguvu za viungo. Uingereza ikaijaribu kwa wagonjwa 3,127, na matokeo yalipotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba haikuwarudishia uwezo wa viungo. Ilipunguza visa vipya vya sonona, lakini ikaongeza kuvunjika mifupa. Matumaini yalipunguzwa kwa ushahidi, na hakuna aliyedai kwamba Uingereza imetukanwa.

Hivyo ndivyo China nayo ilivyotupatia mojawapo ya dawa muhimu za zama zetu. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Tu Youyou alisoma vitabu vya kale, akakuta maelezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya nne kuhusu kuloweka mmea wa qinghao katika maji baridi, akahisi kwamba joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Alibadili njia, akajaribu, akameza yeye mwenyewe kwanza. Matokeo ni artemisinini, iliyomo katika dawa mseto tunayoipata katika zahanati zetu, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Tu Youyou alikiheshimu kitabu cha kale kwa kukitilia shaka na kukipima.

Sisi pia tunao uhusiano wa muda mrefu na tiba hii. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Tangu 1974 pale Muhimbili pamekuwa na kitengo, ambacho baadaye kilikua kuwa taasisi, cha kuchunguza dawa zetu za asili, na mwaka 2002 Bunge lilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Vyombo vya kupima vipo. Linalokosekana ni mazoea ya kudai kipimo pale muuzaji anapotuambia kwamba umri wa dawa ni ushahidi wa kutosha.

Narudi kwa baba mdogo. Nilimwomba mama mdogo asome majina yaliyoandikwa kwenye pakiti kwa herufi za Kilatini. Mojawapo lilikuwa gancao, mzizi mtamu ambao ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha. Jingine lilikuwa danggui, linaloweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na huyu ni mgonjwa aliyeambiwa aache vidonge vya presha! Tulimrudisha kliniki akiwa amekaa wiki mbili bila vidonge, na kipimo cha siku ile kilimtisha hata muuguzi.

Muuguzi huyo alipomaliza kuandika alivuta kiti, akamuuliza: "Mzee, moyo wako ukoje siku hizi?" Baba mdogo alilia. Katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wote tulikuwa tukiutazama mguu. Sasa anatibiwa sonona pamoja na presha. Hajapona kabisa. Baadhi ya siku hunyamaza kama zamani, siku nyingine hutoka hadi barazani na redio yake.

Wanafunzi wangu wameniuliza kama ninaipinga tiba ya Kichina. Siipingi, kama nisivyopinga mwarobaini wa uani kwetu. Ninachokataa ni historia ya uongo inayotumiwa kumfanya mjane mtarajiwa alipe fedha na kumnyang'anya mumewe vidonge vyake. Na kwa wenzangu mlio katika ofisi za afya, ombi langu ni dogo kuliko bajeti yoyote: swali la yule muuguzi liandikwe katika utaratibu wa kliniki, aulizwe kila aliyenusurika kiharusi, kabla hajatokea mwingine wa kumuuliza akiwa na pakiti mkononi.