Kinanda cha Mdomo na Sauti Zake Zilizofichika

Wasomaji wengi wanakijua kinanda cha mdomo, kile kidogo kiingiacho mfukoni, chenye matundu kumi. Watoto hukipenda, na wazee hukidharau wakisema, "Hicho ni cha kuchezea tu." Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipojifunza habari zake. Twataka kuzieleza hapa, kwa kuwa ndani yake mna habari ya ufundi uliovumbuliwa, ukapotea, kisha ukavumbuliwa tena. Na jambo hilo lamhusu kila mtu aliye na ujuzi wowote.

Asili yake

Sauti ya kinanda hiki hutoka katika ndimi nyembamba za shaba. Kila ulimi umefungwa upande mmoja juu ya mwanya wa bamba, na upande wa pili uko huru. Pumzi ikipita, ulimi hutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Ndivyo ilivyo pia katika kile kinanda cha kanisani kinachopigwa kwa kukanyaga mivukuto. Lakini walioutumia ulimi wa namna hii kwanza ni watu wa Asia ya Mashariki. Wachina wana ala ya mianzi iitwayo sheng, nayo imepigwa kwao kwa zaidi ya miaka 2,000.

Huko Ulaya mafundi walianza kutengeneza vinanda vya mdomo katika karne ya 19. Mmoja wao alikuwa fundi wa saa, Bwana Matthias Hohner, wa mji wa Trossingen katika Ujerumani. Alianza kazi hiyo mwaka 1857, na katika mwaka ule wa kwanza akatengeneza vinanda 650. Baadaye vinanda vyake vikapelekwa Marekani kwa wingi sana, na mwaka 1896 kikatoka kile kiitwacho Marine Band, ambacho hata leo chauzwa.

Sauti zilizoachwa

Kila tundu lina ndimi mbili: mmoja hulia ukipuliza, na wa pili hulia ukivuta. Basi matundu kumi yana ndimi ishirini. Ukipuliza kwa mfululizo wapata do, mi, so, kisha do, mi, so tena, hata mwisho. Ukivuta, wapata zile nyingine. Waliopanga hivyo walitaka mtu asiyesoma muziki aweze kupiga nyimbo za kwao pasipo taabu, na kila apulizapo, sauti zipatane. Kwa ajili ya mapatano hayo iliwabidi kuziacha sauti nyingine. Matundu ya chini hayana fa wala la. Katikati, tangu tundu la 4 hata la 7, do, re, mi, fa, so, la, ti, do zimekamilika. Lakini nusu sauti zilizo kati yake, zile ambazo katika piano huwa vibao vyeusi, haipo hata moja.

Waliofungua mlango wa kwanza ni watu weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa watumwa. Walikuwa maskini, na kinanda hiki cha bei ndogo waliweza kukinunua. Waligundua kwamba mtu akivuta pumzi huku akirudisha ulimi wa kinywani nyuma, sauti hushuka taratibu kama ya mtu anayelia. Huko huitwa kupinda sauti. Mmoja wa mabingwa wao alikuwa DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa, aliyeugua ugonjwa wa kupooza utotoni, akajifunza kinanda akiwa kitandani. Katika miaka ya 1920 alisikika katika redio ya mji wa Nashville, akiuiga mwendo wa gari la moshi hata msikilizaji akadhani gari lapita nje.

Kwa kupinda, fa na la za chini zilipatikana. Lakini kupinda kuna mpaka: sauti ya juu ya tundu hushuka kuielekea sauti ya ulimi wa pili wa tundu lile lile, nayo haiendi mbali zaidi. Kwa hiyo katikati ya kinanda sauti tatu zilibaki hazifikiki: ile iliyo kati ya re na mi, ile iliyo kati ya fa na so, na ile iliyo kati ya la na ti.

Aliyevuka na asifuatwe

Mwaka 1929, katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, mpigaji mmoja aitwaye James Simons, ambaye watu walimwita Blues Birdhead, alipiga kinanda chake, na sauti ikatiwa katika sahani ya santuri. Wajuzi wanaoisikiliza leo husikia humo sauti isiyopatikana kwa kupuliza tu, wala kwa kuvuta, wala kwa kupinda. Mtu huyu alikuwa amevuka mpaka. Lakini ufundi ule haukuenea. Sahani ilibaki, watu wakaisikiliza, wakasifu, wakapita. Miaka kama 40 ikaenda.

Karibu na mwaka 1970 kijana mmoja, Howard Levy, aliyezaliwa mwaka 1951, alikuwa akisoma katika chuo kikuu kilicho karibu na Chicago. Alikuwa mpigaji wa piano tangu utoto, na mtu wa piano hawezi kustahimili kukosa vibao vyeusi. Akazitafuta sauti zile kwa bidii, mpaka siku moja akapuliza tundu la 6, na badala ya so ikatoka sauti nyembamba juu ya la. Ndipo akatambua kwamba mlango uko wazi. Akayajaribu matundu mengine, akazipata zote. Wala hakuificha siri hiyo, bali aliipiga mbele za watu na kuwafundisha wengine. Hata akatunga muziki mkubwa wa kinanda hiki kidogo kikisindikizwa na kundi zima la wapiga ala.

Jinsi inavyokuwa

Ufundi huu huitwa ovabloo. Sisi tutasema kuvusha sauti. Kwa kawaida ukipuliza, ule ulimi wa kupuliza husukumwa kuelekea mwanya wake, ukatikisika. Katika kuvusha, umbo la kinywa huufanya ulimi huo unyamaze, na pumzi ikaulazimisha ulimi wa kuvuta ufunguke kwa nje na kulia, nao hulia nusu sauti juu ya sauti yake. Kwa hiyo tundu la 4, ambalo huvutwa re, hutoa ile iliyo kati ya re na mi. La 5 hutoa iliyo juu ya fa, na la 6 iliyo juu ya la. Tundu la 1 nalo huvuka hivyo. Katika matundu ya 7, 9 na 10 mambo hugeuka: huko huvusha kwa kuvuta. Mwaka 1998 Daktari Henry Bahnson, mpasuaji wa moyo wa Pittsburgh aliyekipenda kinanda hiki, alitangaza pamoja na wenzake wawili matokeo ya kupima ndimi za shaba na umbo la kinywa cha mpigaji, yakathibitisha habari hii ya ndimi mbili kubadilishana kazi.

Lakini kinywa peke yake hakitoshi. Sharti ndimi za shaba ziwekwe sawa. Kati ya ncha ya ulimi na bamba lake pana nafasi ndogo mno. Nafasi ikiwa pana, pumzi huvuja, na sauti haivuki. Ikiwa finyu kupita kiasi, ulimi hukwama, ukawa bubu. Basi mafundi huupinda ulimi kidogo, wakajaribu, wakaupinda tena. Sauti ikiwa imeshuka, huikwangua shaba kidogo karibu na ncha, nayo hupanda; ikiwa imepanda, hukwangua karibu na shina, nayo hushuka. Ni kazi ya saburi, kwa maana shaba iliyoondolewa kwa tupa hairudi.

Sisi wenyewe tulikifungua kinanda chetu tukiwa na haraka. Tuliubonyeza ulimi wa tundu la 6 mara moja kwa nguvu, tukakifunga, tukapuliza: kimya. Tulidhani tumekiharibu. Jioni ile tukakifungua tena, tukauinua ulimi kwa kijiti chembamba, kidogo kidogo, mpaka ukalia. Kisha tukaanza kama tulivyoshauriwa: kupinda sauti ya tundu la 8 kwa kupuliza, ambako ni rahisi, halafu la 7, halafu kulihamishia la 6 umbo lile lile la kinywa. Majuma matatu tulipata mlio mbaya tu, na watoto wa nyumbani wakakimbia nje. Katika juma la nne sauti ikatoka, safi, fupi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Neno la mwisho

Yafaa tulifikiri jambo hili. Sauti zile hazikuongezwa na mtu: ndimi ni zile zile ishirini tangu zamani za Bwana Hohner, na mamilioni ya watu walizishika mikononi wasijue. Tena Birdhead hakupungukiwa na ustadi kuliko Levy. Tofauti ni kwamba ufundi wa mmoja ulibaki katika sahani moja, na wa pili ulitiwa katika vichwa na vinywa vya wanafunzi. Katika vijiji vyetu wako wafinyanzi, wahunzi na wapiga zeze wanaojua mambo ambayo hawajamwambia mtu. Tusingoje miaka 40. Twende kwao tukaulize wangali hai, na sisi tujuao kitu, tumwite kijana akae karibu aone mkono unavyokwenda.