Mkasi wa Cranbrook: Uonevu wa Zamani na Hesabu ya Kura

Tarehe 10 Mei 2012 gazeti la Washington Post lilichapisha habari ndefu kuhusu ujana wa Mitt Romney, ambaye wakati huo alikuwa ameshaukaribia kabisa ugombea urais wa Marekani kwa tiketi ya chama cha Republican. Habari hiyo ilieleza kwamba mwaka 1965, katika shule ya Cranbrook jimboni Michigan, Romney, mtoto wa gavana wa jimbo hilo, aliongoza kundi la wanafunzi kumvamia mwenzao mpole aliyekuwa amezipausha nywele zake na kuziacha zilifunike jicho moja. Walimbana chini, na Romney akazikata kwa mkasi huku kijana akilia na kuomba msaada. Wanafunzi watano wa enzi hizo walihojiwa, kila mmoja kwa nafasi yake, na masimulizi yao yakaoana. Aliyekatwa nywele hakuweza kuulizwa. Alifariki mwaka 2004.

Romney alijibu kwamba tukio hilo halikumbuki, kisha akaomba radhi ya jumla kwa yeyote aliyeumizwa na utundu wake wa shuleni. Wengi wetu tuliosoma bweni, huku kwetu, tunajua kwamba anayesahau mambo ya aina hii kwa kawaida si yule aliyelazwa chini. Miezi sita baadaye alishindwa na Barack Obama kwa kura 206 za wajumbe dhidi ya 332.

Je, mkasi ule ulimpunguzia kura? Swali likiwekwa hivyo, halijibiki. Kampeni ya urais hubeba mambo mengi kwa wakati mmoja, na habari hii ilizaliwa ikiwa tayari na rangi ya kisiasa: siku moja tu kabla yake Obama alikuwa ametangaza kuunga mkono ndoa za jinsia moja, na kijana wa Cranbrook alidhaniwa na wenzake kuwa shoga. Familia yake yenyewe ililalamika kwamba marehemu alikuwa anatumiwa na kwamba picha iliyochorwa haikuwa sahihi. Baada ya siku chache magazeti yakahamia kwingine. Kwa kipimo cha vichwa vya habari, uonevu ule haukumdhuru.

Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho hakifai. Mpigakura hauhukumu uonevu wa zamani kama kosa linalosubiri adhabu. Anausoma kama taarifa kuhusu nguvu za mgombea: zikipatikana, zitamwangukia nani? Akijiona mwenyewe mahali pa aliyebanwa chini, habari inadhuru, hata kama imechelewa nusu karne. Akimwona pale mtu asiyempenda, habari hiyohiyo inaweza kugeuka sifa.

Kwa Romney majira ya kiangazi yalileta ushahidi wa upande wa kwanza. Kundi lililomuunga mkono Obama lilirusha tangazo la mfanyakazi wa kiwanda cha bidhaa za karatasi mjini Marion, Indiana. Alisimulia jinsi yeye na wenzake walivyoagizwa kujenga jukwaa, na siku chache baadaye viongozi wakapanda juu ya jukwaa hilo kuwatangazia kwamba kazi zimekwisha. Kiwanda kilikuwa mikononi mwa kampuni iliyomilikiwa na Bain Capital, taasisi ya uwekezaji aliyoianzisha Romney na wenzake. Mwezi Septemba ikafuata video iliyorekodiwa kwa siri, ambamo Romney aliwaambia wafadhili wake kwamba asilimia 47 ya Wamarekani wanaitegemea serikali na kwamba si kazi yake kuwahangaikia. Hakuna aliyehitaji kutaja tena mkasi. Aliyeisoma habari ya Mei alikuwa na mahali pa kuyaweka haya mawili.

Siku ya uchaguzi, wapigakura waliohojiwa wakitoka vituoni waliulizwa ni sifa gani ya mgombea iliyowaongoza zaidi. Kati ya sifa nne walizopewa, Romney aliongoza katika tatu: uongozi thabiti, dira ya mbele, na kushiriki maadili ya mpigakura. Sifa ya nne ilikuwa kuwajali watu kama mimi. Waliochagua hiyo walikuwa asilimia 21 tu, lakini kati yao Obama alipata asilimia 81 na Romney 18. Takwimu hii haithibitishi kwamba nywele za Cranbrook ziliamua uchaguzi. Inaonyesha ni mlango upi ambao habari kama ile inaweza kuingilia.

Miaka minne baadaye Donald Trump alipita mlango wa pili, ule wa uonevu unaogeuka sifa. Katika kitabu chake cha mwaka 1987, The Art of the Deal, alijisimulia mwenyewe kwamba akiwa darasa la pili alimpiga mwalimu hadi jicho likavilia damu. Akiwa na miaka 13 wazazi wake walimpeleka shule ya kijeshi. Hakukuwa na siri ya kufichuliwa. Katika kampeni aliwabandika wapinzani wake majina ya dhihaka na kumwigiza hadharani mwandishi wa habari mwenye ulemavu. Mwaka 2016 asilimia 63 ya wapigakura waliohojiwa vituoni walisema hana hulka ya kufaa urais, na bado takribani mmoja kati ya kila watano wa hao alimpigia. Sidhani kwamba watu hawa waliupenda ubabe kwa ubabe wake. Waliokuwa wakitukanwa jukwaani walikuwa maseneta, waandishi na vigogo wa chama, yaani watu ambao mpigakura wa mji uliofungwa viwanda alishaona kwamba wanamwonea yeye. Mbabe aliyekodiwa na upande wako huitwa mlinzi.

Hoja hii ina mahali inapoyumba, na pako Uingereza. Februari 2010 gazeti la Observer lilitoa sehemu za kitabu cha Andrew Rawnsley kilichodai kwamba Waziri Mkuu Gordon Brown alikuwa akiwafokea na kuwatisha wasaidizi wake. Wiki moja baadaye utafiti wa maoni wa YouGov ulionyesha chama chake cha Labour kiko nyuma ya Conservative kwa pointi mbili tu, pengo dogo kuliko lililozoeleka miezi iliyotangulia. Hilo linanifaa: wapigakura wachache hujiona katika viatu vya msaidizi wa ofisi ya waziri mkuu. Lakini mwezi Aprili, mjini Rochdale, kipaza sauti kilichoachwa wazi kilimnasa Brown akimwita mama mstaafu, mpigakura wa kawaida kabisa, mwenye chuki za kibaguzi. Kwa hoja yangu Rochdale ingepaswa kumwadhibu. Labour walishindwa nchi nzima, ila kiti cha Rochdale walikichukua kutoka kwa Liberal Democrats. Kujiona katika nafasi ya mwonewa, basi, hakuvunji kila mara uaminifu wa chama.

Kuna madhara mengine ambayo hayafiki kabisa kwenye karatasi ya kura, na hayo hupuuzwa na wanaohesabu kura pekee. Seneta Amy Klobuchar alipotangaza nia ya kugombea urais Februari 2019, magazeti yalijaa simulizi za watumishi wake wa zamani kuhusu hasira na vitisho. Mwaka mmoja baadaye alishika nafasi ya tatu katika mchujo wa New Hampshire kwa karibu asilimia 20, kwa hiyo mpigakura hakukimbia. Waliokimbia walikuwa wengine: iliripotiwa kwamba watu wasiopungua watatu walikataa kuiongoza kampeni yake kwa sababu ya sifa hiyo. Kampeni ni waajiriwa, na mgombea anayeogopwa na wenye ujuzi hulipa gharama yake kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

Watetezi wa wagombea husema utoto usihesabiwe. Jimbo la Kansas liliijaribu hoja hiyo mwaka 2020. Aaron Coleman, mgombea wa bunge la jimbo mwenye umri wa miaka 19, alikiri kwamba alipokuwa shule ya kati aliwatesa wasichana, hata kusambaza picha ya utupu ya mmoja wao. Hapa umbali haukuwa miaka 47 kama kwa Romney. Ilikuwa michache tu. Hata hivyo alimshinda mbunge wa muda mrefu, Stan Frownfelter, katika mchujo wa Democratic kwa kura 14, akatangaza kujitoa, akaghairi, na mwezi Novemba akachaguliwa kuingia bunge hilo, kwani wapinzani wake hawakuwa na majina kwenye karatasi na ilibidi waandikwe kwa mkono. Mwaka 2021 alikamatwa na polisi mara mbili, kwanza kwa tuhuma za kumpiga ndugu yake, kisha za kuendesha gari akiwa amelewa. Agosti 2022 chama kilekile, katika mchujo uleule uliompitisha kwa kura 14, kilimwangusha.